Mshale, Namba na Gari la Bwana Mifugo

Ukimwamkia Bwana Mifugo, hakuitikia kwanza. Alikushika sikio. Alilibana taratibu kwa vidole viwili, akalipitishia mgongo wa kiganja, vile vile alivyoyashika masikio ya ng'ombe wa Ngara na Biharamulo miaka yote ya utumishi wake, ndipo akasema, "Marahaba. Huna homa." Alimfanyia hivyo mtoto wa darasa la kwanza, akamfanyia hivyo padri mgeni mbele ya waumini wake. Wageni walishtuka. Sisi majirani tulishazoea, na mimi binafsi nilikuwa nainamisha kichwa kabisa ili nimpunguzie kazi.

Serikali ilimstaafisha, lakini cheo kiligoma kustaafu. Mkewe alimwita Bwana Mifugo. Binti yake alimwita Bwana Mifugo pale alipotaka kumchokoza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki la mifuko minne, na mifuko yote ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Angeweza kukesha zizini kwako akizalisha ng'ombe wako, akaondoka bila kukubali hata yai, na kesho yake akakununia kwa sababu umeegemea ua wake. Hasira zake zilikuja bila hodi na kuondoka bila kuaga, nawe ulibaki hujui kama mmepatana au bado.

Tena alikuwa haoni vizuri. Nalisema mapema na kwa sauti, kwa sababu wakati ule hakuna mtu pale mlimani aliyelisema. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Alimkemea mbuzi wa Mwenye Duka akidhani ni mtoto wa Mwenye Duka, na asubuhi moja niliusikia mgomba wangu ukiulizwa habari za masomo. Sote tuliona. Lakini kwetu mtu mzima haambiwi kwamba haoni. Unamwambia, "Siku hizi vumbi limezidi." Basi mwaka ule Ngara nzima ilikuwa na vumbi, hata masika.

Yote hayo yasingemdhuru mtu, kama asingekuwa na gari.

Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili, la kijani, fupi, halina paa, aina ile ambayo wenye nazo huko Ulaya huiendesha Jumapili kwa kujifurahisha tu. Daktari wa mifugo wa kizungu, aliyewahi kufanya naye kazi zamani, alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Bwana Mifugo alilipa jina la Ndama, kwa sababu lilikuwa dogo na asubuhi lilikataa kutembea mpaka lisukumwe matakoni. Miaka ya wakimbizi ilipofika na barabara zetu zikajaa magari meupe ya mashirika, marefu, yenye antena zinazokwangua matawi, Ndama akawa anapita katikati yao ungedhani amedondoka kutoka mojawapo. Madereva wa mashirika walimpigia honi. Bwana Mifugo alidhani wanamheshimu, akawapungia mkono wote, hata wale waliokuwa wanamtukana.

Ubovu wa Ndama ulikuwa kwenye dashibodi. Geji zilikuwa zimekufa. Mshale wa spidi ulikwama kwenye sitini, hivyo hata gari likiwa bandani, kuku amelalia kiti cha abiria, lenyewe lilikuwa linakwenda maili sitini kwa saa. Petroli aliipima kwa kuchovya kijiti kwenye tangi. Joto la injini alilipima kwa mgongo wa kiganja juu ya boneti, na alipotaka uhakika zaidi alichovya kipimajoto cha ng'ombe kwenye rejeta. Kilipasuka. Alisema kwamba ng'ombe yeyote mwenye joto la namna ile angekuwa ameshachinjwa.

Kwa miaka mingi haikuwa taabu, maana Ndama alikwenda sokoni na kanisani tu, na watu walijua saa zake, wakawaondoa watoto njiani. Taabu ilianza binti yake wa mwisho, muuguzi katika hospitali ya kambini, alipochumbiwa na kijana wa Nyabusozi, kule Biharamulo. Ndoa ingefungwa huko huko kwa kina bwana harusi. Bwana Mifugo akatangaza kwamba atampeleka binti mwenyewe, kwa Ndama, yeye kwenye usukani na bibi harusi pembeni. Alisema viti vikiwa viwili hakuna nafasi ya mtu wa tatu kutoa ushauri.

Mtu asiyeijua barabara ile haelewi kwa nini tulipoteza hamu ya kula. Ilikuwa na milima ya kuungua injini na miteremko ya kuungua breki, na mchana kutwa malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yanashuka kwa kasi, madereva wanawahi kufika Nyakanazi wapate nyama choma na kitanda. Katikati ya malori hayo apite mzee asiyeona, na binti wa watu pembeni yake amevaa shela. Niseme wazi: tuliogopa atamwua.

Mkewe alinijia. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi, nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Mwalimu," akasema, "zungumza naye. Wewe mtu wa vitabu atakusikia."

"Nimwambie nini, Mama?"

Akatazama mikono yake. Akatazama kuku. "Mwambie... mwambie geji hazifai."

Hivyo ndivyo geji zilivyotwishwa mzigo usiokuwa wao. Nilikwenda nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba safari ya Nyabusozi ni ndefu na geji za Ndama hazifai. Nilitegemea atafoka. Akageuza uso upande wangu, akatabasamu kidogo.

"Kweli kabisa, Mwalimu," akasema. "Geji hazifai. Tutazibadilisha."

Kulikuwa na mzungu mmoja aliyeletwa kuchimba visima vya kambi. Watu walimwita Mzungu wa Maji. Alikuwa kijana mpole, mwekundu kwa jua, na alipomwona Ndama mara ya kwanza alivua kofia barabarani. Kumbe kwao babu yake alikuwa na gari kama lile. Akasema anakwenda likizo na anaweza kurudi na geji mpya, ila mzee achague. Zipo za mishale, zilizotengenezwa upya zifanane na zile za zamani. Zipo pia za kisasa, hazina mshale, zinaandika namba zinazowaka. Achague moja, ataleta.

Akampa kitabu cha picha cha dukani kwao. Bwana Mifugo alikaa nacho magotini, sisi tumemzunguka, akakipapasa kurasa kwa muda mrefu akitikisa kichwa.

"Zote zina afya," akasema mwishowe. "Ila hii ya kushoto imenenepa zaidi."

Ukurasa ulikuwa wa matairi. Katekista wa kanisa letu, aliyekuwa ameketi karibu naye kuliko sote, akasema hajawahi kuona mtu mwenye jicho kali la vifaa kama Bwana Mifugo. Mzungu wa Maji alifungua mdomo, Mwenye Duka akamkanyaga mguu, akaufunga. Naye alikuwa ameanza kuwa mwenyeji.

Basi vikaanza vikao. Ndio kwanza nchi ilikuwa imeruhusu vyama vingi, nasi hatukujua tuvifanyie nini, geji zikatufundisha. Wa mshale waliongozwa na Katekista. Wa namba waliongozwa na Mwenye Duka. Vikao vilifanyika uani kwa Bwana Mifugo, pombe ya ndizi kwa wanaokunywa, chai kwa Katekista na kwa wale waliokuwa wanataka Katekista awaone wakinywa chai.

"Mshale una dhamiri," Katekista alisema. "Unatikisika kabla hujatenda dhambi. Unauona unapanda, unajirudi. Namba inakuambia umeshaanguka."

"Dunia imebadilika, mzee wangu," Mwenye Duka akajibu. "Tazama mizani yangu ya mshale. Kila siku wateja wananigombeza, eti mshale unadanganya. Ningekuwa na mizani ya namba, nani angebisha?"

"Ndiyo maana huinunui," akasema mtu nyuma, na kikao kikavunjika kwa kicheko.

Mgawanyiko ukatoka uani ukaingia mjini. Kisimani wanawake wa mshale walimpisha mwenzao wa mshale. Shuleni niliwakuta wanafunzi wamejipanga kwa kura. Kina mama wauza maharage, ambao hawajawahi kupanda Ndama wala gari lolote dogo, walikuwa na msimamo. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema linachukua muda gani kutoharibika.

Bwana Mifugo mwenyewe aliegemea huku na huku. Jumatatu alikuwa wa mshale: "Mshale unakuonya, namba inakuhukumu." Jumatano alikuwa wa namba: "Mshale ni mmbea, unasema 'karibu' na 'kama' na 'labda'. Namba inasema." Aliyasema yote kwa ukali ule ule, na ukimkumbusha ya juzi alikuuliza kama wewe ndiye uliyetumwa kuandika kumbukumbu za kikao.

Mtu mmoja tu alikaribia kuligusa jambo lenyewe. Alikuwa fundi, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuwa ametengeneza injini za mabasi kwao na sasa alikuwa anatengeneza chochote alicholetewa. Alikuwa ameitwa aseme ni geji zipi ni rahisi kufunga.

"Mzee, mimi nitafunga yoyote," akasema. Kisha akaongeza, kwa ile *ariko* ya kwao ambayo maana yake ni lakini: "Ariko geji haijisomi. Dereva ndiye anasoma."

Ulisikia chungu kinachemka jikoni. Mke wa Bwana Mifugo aliinuka akaingia ndani. Nilimtazama Katekista, Katekista akanitazama mimi, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Kisha Katekista akakohoa, akapendekeza tufunge kikao kwa sala. Tukasali. Fundi naye akasali, maskini, akidhani ametukana.

Nisije nikamwonyesha kama kichekesho tu. Kuna siku nyingine nayo naikumbuka. Watu walipovuka mpaka kwa wingi ule ambao hatukuwahi kuuona, wengine walikuja na ng'ombe, na ng'ombe wakaanza kufa barabarani kwa homa na uchovu. Hakuna shirika lililokuja kwa ajili ya ng'ombe. Bwana Mifugo alichukua begi lake la zamani akashuka bondeni kwa miguu. Nilimfuata. Alipita kwa ng'ombe mmoja mmoja, hatazami, anagusa tu: sikio, pua, nyuma ya bega, chini ya taya. "Huyu ana homa ya kupe. Huyu ana kiu tu, mpeni maji. Huyu, mama, mchinje leo mle, kesho utakuwa umechelewa." Mwanamke aliyeambiwa hivyo alikuwa ametembea na ng'ombe yule tangu kwao, na hakuwa na kitu kingine. Alilia. Bwana Mifugo hakumdanganya wala hakumbembeleza, alisimama naye tu, mkono wake juu ya nundu ya yule ng'ombe, mpaka alipokubali. Nilimpenda sana siku ile. Nilishangaa pia kwamba mtu anayesema kweli hivyo kwa mgeni aliyeishiwa, kwake nyumbani hapatikani mtu wa kumwambia yeye kweli hata moja.

Kikao cha mwisho kiliamua kama vikao vyetu vyote vinavyoamua: kila upande upate nusu. Spidi iwe ya mshale, kumridhisha Katekista. Joto liwe la namba, kumridhisha Mwenye Duka. Mzungu wa Maji alikwenda likizo na azimio letu, akarudi nazo zote mbili, na fundi akazifunga.

Siku ya majaribio tulikusanyika uwanja wa mpira. Bwana Mifugo alikaa kwenye usukani, gari limesimama, injini inanguruma. Kisanduku cha joto kilikuwa kinawaka namba nyekundu, na sisi tumejazana mlangoni kama kwenye kituo cha chanjo, tunazisoma kwa sauti ili, bila kusema, yeye asihitaji kuzisoma. Sabini. Themanini. Tisini. Mimi nilikuwa natabasamu, nawaeleza watu kwa ufahari wa mwalimu kwamba maji huchemka kwenye mia moja, hivyo tutaona gari litakavyojizuia.

Mia moja. Gari halikujizuia.

Mia moja na kumi. Watu wakarudi nyuma hatua. Mia moja na thelathini. Katekista akafanya ishara ya msalaba. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inatangaza kwamba kisayansi injini ile sasa ni mvuke mtupu na tuondoke. Mia moja na hamsini. Watu wakakimbia, wa mshale na wa namba kwa pamoja, umoja ambao vikao vyote havikuuleta. Bwana Mifugo alishuka polepole, akaweka mgongo wa kiganja juu ya boneti.

"Hana homa," akasema.

"Bwana Mifugo, ni mia na sabini!"

"Nimesema hana homa."

Mwenye Duka, shujaa wa siku, akaja na ndoo ya maji akammwagia Ndama kuanzia boneti mpaka kwa Bwana Mifugo. Mvuke ukapanda, watu wakapiga yowe kwamba limelipuka. Wakati huo huo binti akatokea, anatoka zamu kambini, bado amevaa sare. Akamtazama baba yake aliyelowa, akainama juu ya mlango, akasoma kisanduku, akaanza kucheka mpaka akashika mlango.

"Hivi ni vipimo vya kwao Mzungu wa Maji, Farenhaiti," akasema. "Hata hospitalini tunaletewa vipimajoto vya namna hii. Kwa vipimo hivi maji yanachemka kwenye mia mbili na zaidi. Mwalimu, nawe?"

Mwalimu akasema kwamba alikuwa anajaribu utayari wa wananchi. Wanafunzi wangu waliikumbuka mia moja ile mpaka nilipohamishwa.

Ilibaki siku ya harusi. Geji zilikuwa mpya, zinafanya kazi, na visingizio vyetu vyote vikawa vimekwisha. Asubuhi ile uani kulikuwa na lori lililoazimwa kwa ajili ya ndugu na majirani, wamepanda na madumu ya pombe na ndizi. Mbele yake Ndama, ameoshwa, amefungwa utepe mweupe. Bwana Mifugo alikuwa amevaa suti badala ya koti la kaki, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, midomo imekauka. Mimi nilikuwa juu ya lori, na nakumbuka nilikuwa natafuta maneno kuhusu breki. Nilifikiri, nikisema breki hazifai tutapata angalau kikao kimoja.

Binti akatoka ndani na shela lake. Hakwenda upande wa abiria. Alisimama mbele ya baba yake, karibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti anayotumia muuguzi kumwambia mgonjwa ageuke achomwe sindano.

"Baba. Huoni. Mshale huuoni, na namba huzioni. Nami nataka nifike kwangu nikiwa hai, na wewe ufike. Nipe ufunguo."

Kwenye lori nilimwona Katekista amefumba macho. Nilingoja ile hasira isiyobisha hodi.

Bwana Mifugo alinyoosha mkono mpaka akalipata sikio la binti yake chini ya shela, akalishika, akalipitishia mgongo wa kiganja. Kisha akampa ufunguo. Akalizunguka gari, mkono ukipapasa boneti, taa, boneti tena, mpaka upande wa pili, akaketi.

Binti alikuwa amejifunza kuendesha kambini, kwenye gari la wagonjwa, katika njia mbovu kuliko ile. Aliwasha, tukawasukuma kwa desturi, wakaondoka. Njia nzima, alivyotueleza baadaye, baba alikuwa anauliza, "Joto?" naye anamsomea. "Spidi?" anamsomea. Nyakanazi walisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Madereva wa malori waliacha nyama zao wakaja kumwona bibi harusi aliyeshuka upande wa usukani, akainua shela, akafungua boneti. Kisha wakarudi kwenye malori yao, wakapiga honi kwa pamoja. Bwana Mifugo akawapungia mkono, na safari hii kweli walikuwa wanaheshimu, ingawa si yeye.

Nyabusozi mambo yakaharibika. Wazee wa bwana harusi walikuwa wamepanga mstari kumpokea bibi harusi aliyeletwa, na walipoona nani anashika usukani, mstari ukayumba. Wakajitenga nyuma ya nyumba kwa kikao. Swali lilikuwa zito: huyu binti kaletwa, au kajileta? Aliyeletwa anapokewa kwa heshima. Aliyejileta atakumbushwa siku zote, kwamba hukuitwa, ulikuja na gari lako mwenyewe. Binti alikuwa ameketi garini, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ana hofu.

Mzee wao mmoja akaja. "Mkwe wetu," akamwambia Bwana Mifugo, "tunauliza kwa nia njema. Nani kamleta binti?"

"Mimi," akasema Bwana Mifugo.

"Mbona yeye ndiye alikuwa anaendesha?"

Bwana Mifugo alinyooka, suti na yote, akageukia upande ilikotoka sauti. "Mzee mwenzangu, wewe ng'ombe wa mahari ulipowaleta kwangu, uliwabeba mgongoni? Si walitembea? Nani aliwaleta?"

Mzee akafikiri. Nyuma ya nyumba, kikao nacho kikafikiri. Kisha vigelegele vikaanza upande wa wanawake, na wazee wakaona ni salama zaidi kukubaliana navyo. Binti akashushwa, akapokewa kwa heshima zote za aliyeletwa.

Miaka ikapita. Wakimbizi walirudi kwao, wengine walibaki wakalima, wengine wakawa ndugu zetu. Magari meupe yaliondoka, mahema yakageuka kuwa paa za mabanda. Mimi nilihamishiwa Biharamulo, na nilipostaafu nikarudi Ngara kumwamkia. Sasa alikuwa haoni kabisa. Binti alikuwa amempeleka kupasuliwa, lakini wakati ulikuwa umepita. Nilimkuta bandani, ameketi ndani ya Ndama upande wa abiria, kuku kwenye usukani.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

Akalitafuta sikio langu. "Marahaba. Mwalimu! Umekonda masikio."

Tukazungumza ya watu, waliokufa na waliobaki. Katekista alikuwa amekufa. Mwenye Duka alikuwa amenunua mizani ya namba, na wateja bado wanamgombeza. Nikamwuliza, kwa kuwa sasa sote tulikuwa wazee, kama anakumbuka vile vikao vya geji.

"Nakumbuka," akasema. "Ulipokuja kuniambia geji hazifai, nilijua umetumwa. Nilijua nyote mnajua. Mlidhani mimi sijui kama siioni chai yangu? Nikasema moyoni, haya, ngoja nione nani ataniambia. Nikawapa geji mjadili. Leo namba, kesho mshale, nikawazungusha. Mlikula ndizi zangu, mlikunywa pombe yangu, mlisali. Hakuna. Yule fundi alikaribia, mkamzima kwa sala."

Nilimfukuza kuku, nikaketi kwenye usukani.

"Na ufunguo?" nikauliza.

"Ufunguo ungekuwa wa yeyote ambaye angesema. Nilikuwa namngoja. Nilichoka kuwaona mnavyonihurumia." Akacheka kwa neno lile, kuwaona. Kisha akaweka mgongo wa kiganja juu ya dashibodi. "Haya, Mwalimu. Umekaa kwenye usukani. Nisomee geji."

Nilitazama. Kile kisanduku cha namba kilikuwa cheusi, nyigu wamejenga kwenye kioo chake. Mshale mpya wa spidi nao ulikuwa umekwama, safari hii kwenye sifuri, jambo ambalo angalau lilikuwa la kweli. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini: joto ni la kawaida, Bwana Mifugo, liko salama. Miaka yote ile ulimi wangu haukuwa umesahau njia. Yeye alikuwa amegeuza uso upande wangu, anangoja.

"Zimekufa, Bwana Mifugo," nikasema. "Zote. Ya joto imejaa nyigu. Na Ndama hatembei tena."

Mkono wake ukaja, ukalishika sikio langu, ukalipitishia mgongo wa kiganja taratibu.

"Umepona," akasema.